Ripoti ya Kurasa 18

Mwaka 1926, katika makao makuu ya Skauti wa Marekani jijini New York, kijana mmoja kutoka Denmark alikuwa akitembea kwa magongo. Alikuwa amepata kazi katika idara ya vifaa, na sanduku zito lilimwangukia likamvunja mguu. Siku moja akajikuta ndani ya lifti pamoja na James E. West, mtendaji mkuu wa chama chote. West akamuuliza anauonaje uskauti wa Marekani. Swali kama hilo likitoka kwa mkubwa wa kazi, wengi hulijibu kwa tabasamu na neno moja la kumridhisha. Kijana huyu alikwenda akaandika ripoti ya kurasa 18, akampelekea.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Vilhelm Bjerregaard Jensen. Dunia ilikuja kumjua kama William Hillcourt, na vijana wa Marekani wakamjua kwa jina la Green Bar Bill, kwa sababu ya milia miwili ya kijani anayoivaa kiongozi wa patroli. Mwaka 1920, akiwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 20, alihudhuria jamboree ya kwanza ya skauti wa dunia katika ukumbi wa Olympia, London. Kwa hiyo alipoandika hakuwa mgeni wa jambo lenyewe. Alisema uskauti wa Marekani haukuutumia mfumo wa patroli ipasavyo, na kwamba vijana waliopewa uongozi hawakuandaliwa kuongoza. Akapendekeza kiandikwe kitabu cha viongozi wa patroli, na kiandikwe na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

West angeweza kuitia ripoti ile kwenye kabati. Badala yake alimpa mwandishi wake kazi, na mwaka 1929 kitabu cha viongozi wa patroli kikatoka, kimeandikwa na Hillcourt. Sura hii inahusu watu wa aina mbili waliokuwa ndani ya lifti ile: yule anayeijua kazi kwa mikono yake na yuko tayari kusema kilichoharibika, na yule mwenye mamlaka ya kulipokea neno hilo. Naamini chama cha vijana hustawi pale wawili hawa wanapokutana, na hudhoofika pale kila mmoja anapokaa upande wake.

Kwanza tuielewe patroli, maana mapendekezo karibu yote ya maana niliyowahi kuyasikia kwa viongozi wa skauti huishia hapo. Agosti 1907 Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti, aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, akakaa nao kambini kwa juma moja na ushei. Baadhi yao walitoka shule za matajiri, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya Poole na Bournemouth. Aliwagawa katika patroli nne: Mbwamwitu, Fahali, Kunguru, na ya nne ikapewa jina la ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda. Kila patroli ilikuwa na kiongozi wake kijana, na kiongozi huyo ndiye aliyebeba dhamana ya wenzake mchana na usiku. Mtu mzima alifundisha, kisha akasogea pembeni.

Hiyo ndiyo siri yote, na ni ngumu kuliko inavyosikika. Watoto sita hadi wanane wanaofahamiana, wenye mkubwa wao waliyemkubali, wanapewa kazi ya kweli: kupika chakula cha watu wanane, kusimamisha hema kabla mvua haijafika, kutafuta njia ya kurudi. Wakikosea, chakula kinaungua na wanalala na njaa kidogo. Kesho yake hawaunguzi tena. Katika kikosi cha watoto 60 wanaosimama mstarini kumsikiliza mwalimu mmoja, hakuna anayejifunza hivyo. Watano wa mbele wanajibu maswali, na 55 wanangoja kengele.

Jambo lililo wazi kiasi hiki linaweza kusahauliwa na chama kizima, na lilisahauliwa. Mwaka 1972 uongozi wa Skauti wa Marekani ulianzisha mpango mpya uliopewa jina la matumaini makubwa, Mpango wa Skauti Ulioboreshwa. Nia yake haikuwa mbaya. Watoto wengi wa Marekani walikuwa wakiishi mijini, mbali na misitu, na chama kilitaka kuwafikia. Basi mambo ya porini yakapunguzwa. Beji ya kupiga kambi ikaondolewa katika orodha ya beji za lazima kwa anayetafuta Eagle, cheo cha juu kabisa. Kijana aliweza kupanda hadi skauti wa daraja la kwanza bila kulala kwenye hema hata usiku mmoja.

Katika muongo huo idadi ya wanachama iliporomoka vibaya. Si haki kuutupia mpango ule lawama zote. Kizazi kikubwa cha watoto waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilikuwa kimekwisha kukua, na vita vya Vietnam viliwafanya vijana wengi waichukie sare ya aina yoyote. Lakini viongozi wa kujitolea walikuwa wakiliona tatizo kila wiki: mvulana aliyejiunga akitarajia moto na mto alikutana na darasa jingine baada ya darasa. Hillcourt alikuwa amestaafu tangu 1965. Akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, alijitolea kurudi, akatumia mwaka mzima bila malipo kuandika upya kitabu cha skauti. Toleo hilo, la tisa, lilitoka mwaka 1979, na kambi, njia za porini na patroli zikarudi mahali pake.

Nalitaja tukio hili kwa sababu linajibu swali ambalo makamishna wa skauti huuliza mara kwa mara: tutajuaje pendekezo lipi ni la kuboresha na lipi ni la kubadilisha tu? Waingereza walipitia jambo hilo hilo miaka michache kabla. Mwaka 1964 Skauti Mkuu wao aliunda kamati ya kupitia kila kitu, na ripoti ikatoka mwaka 1966. Kaptula zikapisha suruali ndefu. Neno “wavulana” likaondoka kwenye jina la chama. Makundi ya rika yakapangwa upya. Baadhi ya wakongwe waliumia sana, na mwaka 1970 wakajitenga na kuunda chama chao chenye jina la Baden-Powell. Huruma yangu iko kwao kwa kiasi fulani, maana kitu unachokipenda kikivuliwa nguo zake unadhani kimeuawa. Hata hivyo, suruali haikumzuia kijana yeyote kuwasha moto. Pendekezo la kupimwa kwa makini ni lile linalogusa hema na patroli. Mengine yote, kuanzia rangi ya shati hadi majina ya vyeo, yanaweza kubadilika na uskauti ukabaki ulivyo.

Na kwa hakika uskauti wenyewe umejengwa kwa mapendekezo ya watu ambao hawakualikwa kuyatoa. Septemba 1909, kwenye mkutano mkubwa wa skauti huko Crystal Palace, London, walitokea wasichana waliojiita skauti na kudai nafasi yao. Hakuna aliyekuwa amewapangia jambo lolote. Mwaka uliofuata chama cha Girl Guides kikaanzishwa, kikiongozwa na Agnes, dada yake Baden-Powell. Wavulana wadogo nao walikataa kuachwa nyumbani, na kufikia 1916 wakawa na kundi lao rasmi la watoto wa mbwamwitu.

Afrika historia hiyo ina uchungu zaidi. Uskauti ulifika Kenya mwaka 1910, ukiwa mali ya watoto wa Wazungu. Ulipowafungulia milango Waafrika, uliwafungulia kwa masharti, na serikali ya kikoloni ilitazamia kuwafanya raia watiifu. Lakini sheria ya skauti ilikuwa na kipengele cha nne kinachosema skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine. Mwanahistoria Timothy Parsons, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004 kuhusu uskauti katika makoloni ya Waingereza barani Afrika, anaonyesha jinsi Waafrika walivyoshika kipengele hicho na kukitumia dhidi ya ubaguzi wa rangi. Wengine walianzisha vikosi vyao bila kibali cha mtu. Afrika Kusini vijana Waafrika walitengewa chama cha pembeni kilichoitwa Pathfinders, na ilipofika 1977 ndipo skauti wa nchi hiyo walipoungana kuwa kitu kimoja. Watu waliodai undugu huo uheshimiwe walikuwa wakipendekeza uskauti utimize maneno yake wenyewe. Sijui pendekezo lililo bora kuliko hilo.

Baden-Powell alimalizia maisha yake Nyeri, kwenye nyumba ndogo iitwayo Paxtu katika viwanja vya hoteli ya Outspan, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake lina alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo kwa skauti wafuatao nyayo njiani humaanisha “nimekwenda nyumbani.” Kila Februari, karibu na tarehe 22 aliyozaliwa, skauti wa Kenya hukusanyika Nyeri kumkumbuka. Ni siku nzuri, na watoto huijia kutoka mbali. Swali langu ni kuhusu majuma mengine yote ya mwaka.

Vikosi vingi vya Kenya na Tanzania viko shuleni. Jambo hilo limeuokoa uskauti, kwa sababu shule ndiyo mahali ambapo watoto tayari wapo, na mahali ambapo kuna angalau mtu mzima mmoja wa kuwasimamia. Limeudhuru pia. Mlezi wa skauti mara nyingi ni mwalimu aliyeambiwa na mkuu wa shule, kwenye kikao cha kugawa majukumu, kwamba mwaka huu atachukua skauti kama mwenzake atakavyochukua mdahalo. Ana vipindi vya kufundisha, ana madaftari ya kusahihisha, ana watoto wake nyumbani. Wengi wao, nasema kwa heshima kubwa, huipokea kazi hiyo na kuipenda kwa moyo wote. Lakini mwalimu akipata uhamisho, kikosi hufa naye. Beji zinabaki kwenye droo, bendera inabaki kwa mtunza stoo, na watoto wanaambiwa wasubiri.

Pendekezo la kwanza ambalo walezi hawa hulitoa ni la kupata mwenza. Hawaombi mwalimu wa pili peke yake, ambaye naye anaweza kuhamishwa, bali mtu wa mtaa: mzazi, muuguzi wa zahanati, fundi seremala, mstaafu wa jeshi, kijana aliyemaliza shule hiyo hiyo. Kikosi chenye watu wazima watatu, wawili wao wakiwa si waajiriwa wa shule, huvuka uhamisho wa mmoja. Chama cha wilaya kinaweza kuliweka hili kuwa sharti la kusajili kikosi upya. Halihitaji fedha, linahitaji kamishna aliye tayari kutembea na kuwaomba watu.

Pendekezo la pili husemwa kwa sauti ya chini, maana linagusa wakubwa. Ni habari ya gwaride. Kiongozi wa serikali akija, skauti hupangwa mstari. Mgeni anavishwa skafu, picha inapigwa. Mwenge wa Uhuru ukipita, skauti wapo, wakimbiza mwenge wanavishwa skafu. Sikukuu za taifa, skauti wapo uwanjani tangu alfajiri, wanaelekeza watu kwenye viti na kuwabeba wanaozirai kwa jua. Kazi ya kubeba wanaozirai ni uskauti hasa, nami nimeiona ikifanywa vizuri na watoto wa miaka 14. Heshima kwa mgeni pia si jambo la kudharau. Ni sehemu ya malezi yetu. Tatizo huanza pale mazoezi ya siku hizo yanapokula alasiri zote za muhula, hata mtoto akamaliza mwaka anajua kugeuka nyuma kwa ukakamavu lakini hajawahi kuwasha moto kwa kuni zilizolowa. Watoto wenyewe wanalijua. Mlezi akitokea tu na filimbi shingoni wanamuuliza, “Mwalimu, leo tunatoka?” Swali hilo ni ripoti fupi kuliko ya Hillcourt, na inasema yale yale.

Walezi wanachopendekeza ni mgao. Kwa kila alasiri moja ya gwaride ziwepo tatu za patroli, na moja kati ya hizo iwe nje ya ua wa shule. Nje si lazima iwe mbali. Pwani, patroli inaweza kupewa kazi ya kufuatilia bamvua na maji mafu kwa mwezi mmoja, iandike saa za kujaa na kupwa, kisha iende kupanda mikoko kwenye matope ikijua yenyewe ni lini maji yatarudi. Kando ya Ziwa Victoria, ambako watu wengi mno huzama kila mwaka, sioni kwa nini kuogelea na kumwokoa anayezama kusiwe beji ya kwanza kabisa. Mjini, patroli ichore ramani ya mtaa wake: bomba la maji liko wapi, zahanati iko wapi, gari la zimamoto linaweza kupita njia gani. Kila penye kijiwe cha bodaboda panahitaji kijana anayejua kuzuia damu na kufunga gango kwenye mguu uliovunjika. Beji zinazotolewa kwa kazi za namna hii hazihitaji kuagizwa kutoka popote, na mzazi anayeziona haulizi tena skauti ni ya nini.

Wazazi wana maswali mengine, na walezi huyabeba. Kuna wanaoshtuka kuona mtoto wao akipeana mkono wa kushoto, jambo ambalo kwetu, hasa uswahilini, ni utovu wa adabu mkubwa. Mlezi mwenye busara huwaita wazazi mapema, akawaeleza desturi hiyo ni ya skauti kwa skauti, na akawafundisha watoto kwamba shikamoo ya babu inabaki na mkono wake wa kulia. Dakika kumi za maelezo huondoa ugomvi wa mwaka mzima.

Kisha kuna fedha. Shati, kaptula au sketi, skafu, mkanda, kofia, beji, ada ya usajili, nauli ya kambi. Kwa familia yenye watoto watatu shuleni, jumla yake inatosha kumfanya mama aseme “mwakani.” Mtoto aliyeambiwa “mwakani” akiwa na miaka 11 mara nyingi harudi. Pendekezo la walezi ni kwamba mwaka wa kwanza skafu itoshe, ivaliwe juu ya sare ya shule, na ada ya kambi iendane na uwezo wa mzazi. Wanaodhani kwamba hilo ni kushusha hadhi ya chama waitazame tena Brownsea. Wavulana wa shule za matajiri walilipa pauni moja kila mmoja, na wale wa Poole na Bournemouth walilipa shilingi tatu na peni sita, yaani chini ya robo. Walikula chungu kimoja. Mwasisi aliliona hilo kuwa jambo la kawaida mwaka 1907, na vikosi vyetu vina sababu nyingi zaidi za kuliona hivyo.

Mafunzo ya viongozi ni eneo ambalo sitalikalia muda mrefu, kwa kuwa kila mtu anakubaliana nalo na wachache wanalifanyia kazi. Kozi ya Wood Badge ilianza Gilwell Park, karibu na London, mwaka 1919, na anayeihitimu huvaa shanga mbili za mti kwenye uzi wa ngozi. Kwa mwalimu wa kijijini kozi hiyo iko mbali na inagharimu. Ipelekwe wilayani, igawanywe katika wikiendi, na mwenye uzoefu wa miaka mingi porini asihesabiwe kuwa anaanza na herufi za kwanza.

Jambo ambalo nitalikalia ni usalama wa watoto. Skauti wa Marekani walikuwa na mafaili ya siri, yaliyoanza kutunzwa miaka ya 1920, yenye majina ya watu wazima waliotiliwa shaka au kuthibitika kuwadhuru watoto. Mwaka 2012, kwa amri ya mahakama ya jimbo la Oregon, zaidi ya 1,200 kati ya mafaili hayo yaliwekwa hadharani. Yalionyesha kwamba katika vikosi vingi mtu fulani aliona, akasema, na neno lake likafungiwa. Wakati mwingine mtuhumiwa aliombwa aondoke kimya kimya, akahamia mji mwingine na kuanza tena. Februari 2020 chama hicho kiliomba ulinzi wa mahakama ya wafilisi. Madai ya waliodhuriwa yalizidi 82,000, na fidia iliyokubaliwa ilikuwa zaidi ya dola bilioni mbili. Naamini hiyo ndiyo hesabu kubwa kabisa ya gharama ya kutosikiliza ambayo chama cha vijana kimewahi kuletewa.

Asitokee mtu akasema hayo ni ya Marekani. Mtu anayetaka kuwadhuru watoto hutafuta mahali penye watoto, na kambi ya skauti ni mahali penye watoto, usiku, mbali na wazazi, Morogoro sawa na Oregon. Chama cha dunia kina sera yake ya ulinzi wa watoto, na vyama vya nchi vinatakiwa kuitekeleza. Kinachokosekana mara nyingi ni mambo madogo ambayo walezi wenyewe huyataja ukikaa nao: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja, hata kwa nia njema kiasi gani, watu wazima wasilale hema moja na watoto, penye wasichana kambini pawe na mwanamke mlezi, si kwa ahadi kwamba atakuja kesho, mtoto afahamu jina la mtu mmoja nje ya kikosi anayeweza kumweleza. Mila zetu za kuwaheshimu wakubwa ni hazina, na ndizo zinazomfanya mtoto anyamaze mkubwa anapomkosea. Mlezi lazima awaambie watoto kwa maneno ya wazi kwamba kusema si kukosa adabu. Na kamishna anayepokea taarifa ya namna hiyo aipeleke polisi na ustawi wa jamii siku hiyo hiyo. Asiunde kamati ya ndani ya kulinda jina la chama.

Rudi sasa kwa wale wawili wa kwenye lifti, kwa maana mapendekezo yote haya yana njia moja ya kupita. Walezi wengi hawaandiki. Wanasema kwenye basi wakitoka semina, wanasema kwenye kundi la simu, halafu wanakata tamaa kwa sababu hakuna aliyewajibu. Hillcourt aliandika kwa urefu, alitaja kasoro, akataja dawa yake, na dawa hiyo ilikuwa kazi ambayo yeye mwenyewe aliweza kuifanya. Pendekezo linalosema “makao makuu yaangalie suala la mafunzo” ni rahisi kuliweka kando. Linalosema “nitafundisha mafundo na huduma ya kwanza kwa vikosi vitano vya kata yangu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, naomba kibali na kamba” ni gumu kukataliwa.

Upande wa pili una deni kubwa zaidi. Kamishna wa wilaya ajibu kwa maandishi ndani ya muhula. Akikataa, aseme kwa nini. Akikubali, aseme nani atafanya na lini. Na asiwasikilize watu wazima peke yao: kila kikosi kina, au kinapaswa kuwa na, baraza la viongozi wa patroli, na baraza hilo likae kweli. Lipange ratiba ya kambi, lipange chakula ndani ya bajeti waliyoonyeshwa, limhukumu mwenzao aliyekimbia zamu ya kuchota maji. Nimewahi kulihudhuria baraza la vijana wa sekondari lililobishana kwa saa nzima kama wanunue mchele au unga, na mlezi wao alikaa nyuma bila kufungua mdomo. Alipoulizwa aliwaambia, “Bei mnazo, matumbo ni yenu.” Walinunua unga, na fedha iliyobaki wakanunulia taa.

Limebaki kundi moja ambalo karibu kila mlezi hulitaja kwa majuto. Kenya watoto huanza wakiwa Sungura, wanakuwa Chipukizi, kisha Mwamba, na wakivuka miaka 18 wanakuwa Jasiri. Ngazi tatu za kwanza zimeshikwa na shule. Mwanafunzi anapofanya mtihani wa mwisho wa sekondari anaondoka na uskauti wake wote, mafundo, miaka saba au minane ya kambi, na hakuna anayemtafuta. Yuko nyumbani anasubiri matokeo, miezi kadhaa, ana nguvu, ana muda, na shule ya msingi iliyo kilomita mbili kutoka kwao ina mlezi mmoja mwenye Sungura 70. Vijana wa umri huo wana uwezo wa mambo makubwa. Katika ukanda wa Maziwa Makuu, skauti wa Rwanda, Burundi na Kongo walishirikiana katika mradi wa Amahoro Amani, wakafunzwa kuwa wapatanishi katika mitaa yao, baada ya vita vilivyowagawa wazazi wao. Kijana anayeweza kukaa kati ya majirani wenye chuki anaweza kuongoza patroli kumi za watoto.

Kwa hiyo pendekezo langu mwenyewe, nikiruhusiwa kuliongeza juu ya yale ya walezi, ni hili. Kila wilaya, kabla ya mitihani kuanza, iorodheshe skauti wote wa kidato cha mwisho na namba za simu za wazazi wao. Wiki moja baada ya karatasi ya mwisho, kamishna awapigie, mmoja mmoja, awatajie jina la shule iliyo karibu nao na jina la mlezi anayewasubiri.